Kinga ni ya Kiti, Si ya Mtu

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapishwa kwa ajili ya familia zilizohama vita na wakubwa wa vijiji vya Kasongo na Kabambare

Amani iwe nanyi mlio mjini Kasongo, na ninyi wa Kabambare, wa Wamaza, wa Salamabila, wa Samba, na wa vijiji vyote kandokando ya Luama na Lualaba. Amani zaidi iwe nanyi mliohama, mnaolala leo katika nyumba za ndugu au katika madarasa ya shule, mkingoja siku ya kurudi shambani. Na wewe usiye na redio, unayesoma maneno haya kwenye karatasi au unayesomewa na mtoto wako, karibu nawe. Maneno ni yale yale.

Leo tunazungumza juu ya sheria inayomlinda raisi wa nchi, sheria inayomwekea mipaka, na sheria inayomwondoa kitini. Najua utasema: hayo ni mambo ya Kinshasa, mimi natafuta unga wa muhogo na chumvi. Nakuomba unisikilize kidogo. Nitakuonyesha toka historia yetu wenyewe kwamba mkubwa akiondolewa bila njia ya sheria, vita hupita katika barabara yetu. Na mkubwa akihukumiwa kwa njia isiyoeleweka, ugomvi hushuka mpaka kisimani, kati ya mama na mama.

Mwana wa dada yetu

Tuanze na mambo ya karibu. Tarehe 20 Mei 2025, Korti ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi za kulazimishwa kwa kosa la kula mali ya Leta. Matata ni mwana wa Maniema, naye alikuwa Waziri wa kwanza toka mwaka 2012 mpaka 2016. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Septemba 2025, Korti Kuu ya kijeshi ilimhukumu Joseph Kabila adhabu ya kifo, yeye mwenyewe asipokuwapo. Kabila alikuwa raisi toka 2001 mpaka 2019. Mama yake, Sifa Mahanya, ni wa Wabangubangu. Kwa hiyo huko Kabambare wako wanaomwita mwana wa dada yetu.

Unaona sasa jinsi jambo la Kinshasa linavyoingia nyumbani. Mmoja anasema: wanamwonea kwa sababu ni wetu. Mwingine anajibu: basi ninyi nyote wa kabila lake ni waasi. Maneno mawili tu, na watu waliokuwa wanagawana moto wa jikoni wanaanza kuogopana. Mimi sikuja hapa kusema nani ana haki katika mashtaka hayo. Nimekuja kueleza sheria inasema nini na imetoka wapi, ili tukibishana tubishane juu ya jambo lenyewe, tusibishane juu ya kabila.

Kiti na mtu

Neno la kwanza la kuelewa ni kinga. Kinga ni ulinzi ambao sheria inampa mkubwa ili asivutwe kortini ovyo wakati anafanya kazi ya watu. Tuchukue mfano wa kijijini.

Shefu amekaa barazani, anasikiliza shauri la mpaka wa mashamba kati ya koo mbili. Wewe unatokea unamshika mkono mbele ya watu: unipe kwanza deni la mbuzi wangu! Watu watakukataza. Kama kila mwenye deni atamvuta shefu kila siku, mashauri ya kijiji yatakufa. Utangoje siku yake. Lakini deni la mbuzi halikufutwa. Siku shefu atakapotoka kitini, utamdai, na hawezi kusema kwamba muda umepita.

Sasa tuseme shefu huyo ameuza msitu wa ukoo kwa siri, au ameita watu wenye silaha waingie kijijini. Je, wazee watangoja mpaka atoke kitini? Hapana. Hilo ni kosa la kuharibu kiti chenyewe. Watamwita mara moja, watamsikiliza mbele ya wote, na kosa likionekana watamwondoa.

Hapo umekwisha kuelewa kifungu kikubwa cha katiba yetu. Kinga ni ya kiti. Inamfunika mtu kwa sababu amekaa pale, na kwa kipimo cha kazi ya pale.

Ngandu 1893: hukumu ya haraka

Wazee wa Kasongo wanajua kwamba mji wetu ulikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Wakati ule hapakuwa na karatasi ya kumwekea mkubwa mipaka. Mwenye bunduki nyingi ndiye aliyekuwa sheria. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Kabambare kwenda Ziwa Tanganyika, na watu wetu walihama kama mnavyohama leo.

Halafu wakaja askari wa Leta ya mfalme Léopold. Mkubwa wao katika vita ile alikuwa Francis Dhanis. Aliyewasaidia sana alikuwa Gongo Lutete, shefu mwenye nguvu wa Ngandu, upande wa Lomami. Yeye alikuwa mtu wa Tippu Tip, kisha akageuka mwaka 1892 na kuwapa Wazungu askari wake wengi. Bila watu wa Gongo, Dhanis asingeliweza kuuchukua mji wa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 kwa namna alivyouchukua.

Miezi mitano haikupita. Mwezi wa Septemba 1893, maofisa wachache waliokuwa Ngandu walimshtaki Gongo kwamba anafanya hiana. Walifanya korti yao ya kijeshi hapo hapo, wakamhukumu, wakampiga risasi. Hapakuwa na mtu wa kumtetea mwenye kusikilizwa, wala mkubwa wa juu wa kuangalia hukumu ile tena.

Kisha nini kikatokea? Askari wengi wa Gongo walikuwa wameingizwa katika jeshi la Leta. Mwezi wa Julai 1895 askari wa Luluabourg waliasi na kumwua kamanda wao. Mwaka 1897 waliasi askari wengine, waliokuwa katika msafara wa Dhanis upande wa kaskazini, nao wakashuka kuelekea kwetu. Mwezi wa Novemba 1898 waasi waliichukua Kabambare. Sababu zao zilikuwa nyingi: njaa, fimbo, safari zisizo na mwisho, mishahara mibaya. Lakini wenye kuandika historia hawaachi kutaja kifo cha Gongo kati ya sababu hizo.

Ona basi. Hukumu ya mtu mmoja ilifanyika Ngandu. Kabambare iko mbali na Ngandu. Miaka mitano baadaye, watu wa Kabambare ndio waliokimbilia porini. Huenda Gongo alikuwa na kosa, huenda hakuwa nalo. Hatutajua kamwe, kwa sababu hawakuchukua wakati wa kujua. Hilo ndilo linalobaki katika moyo wa watu: mashaka yasiyo na mwisho.

Septemba 1960: milango miwili katika ukuta mmoja

Tuvuke miaka mingi. Nchi inapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Raisi ni Joseph Kasavubu. Waziri wa kwanza ni Patrice Lumumba, ambaye huku Maniema alipendwa sana. Sheria ya msingi ya wakati ule ilitengenezwa Ubelgiji, kwa mfano wa nchi yenye mfalme. Ilisema kwamba raisi anateua na kuondoa Waziri wa kwanza. Lakini ilisema pia kwamba tendo la raisi halina nguvu pasipo sahihi ya waziri, na kwamba serikali inajibu mbele ya Baraza.

Tarehe 5 Septemba 1960, Kasavubu alisema katika redio kwamba anamwondoa Lumumba. Mawaziri wawili waliweka sahihi. Usiku ule ule Lumumba naye akaingia redioni akasema kwamba anamwondoa Kasavubu. Kila mmoja alisoma mstari wake wa sheria na kuuacha mstari wa mwenzake. Tarehe 7 Septemba, Baraza la Wabunge lilifuta maneno ya wote wawili. Tarehe 8 Septemba, Senati nayo ikakataa kuondolewa kwa Lumumba. Wabunge walikuwa wanatafuta kuwapatanisha. Lakini hapakuwa na korti ya juu iliyo tayari kusema sheria inataka nini, na ambayo wote wangeiogopa. Tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu akatangaza kwamba jeshi linawaweka wote wawili pembeni.

Mwisho wake mnaujua. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Serikali mbili zikawa katika nchi moja, na Kindu ikawa upande wa Stanleyville. Mwaka 1964 vita ya Simba ikafika: Kindu ilianguka tarehe 24 Julai 1964, na Kasongo pia ilikaa mikononi mwa waasi. Wako wazee kati yenu waliokuwa watoto wakati ule. Muwaulize walilala wapi. Ugomvi ulianza kwa mistari miwili ya sheria iliyosomwa mbali-mbali, nao ukaishia porini kwetu.

Mwaka 1965 jambo lile lile likarudi. Kasavubu alimwondoa Moïse Tshombe tarehe 13 Oktoba, akamteua Évariste Kimba, Baraza likakataa kumkubali. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua nchi. Alisema ni kwa miaka mitano.

Nyumba isiyo na mlango wa kutokea

Alikaa zaidi ya miaka 31. Wakati wa Mobutu katiba ilikuwapo, lakini iligeuzwa-geuzwa. Mwaka 1974 iliandikwa kwamba chama cha MPR ndicho chombo pekee cha nchi, na kwamba raisi wa chama ndiye raisi wa nchi. Mtu na kiti wakawa kitu kimoja. Sasa ni nani angeweza kumshtaki? Wabunge walikuwa watu wa chama. Majaji walikuwa watu wa chama. Mashefu wetu pia walifanywa watu wa chama.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alikubali vyama vingi. Toka Agosti 1991 mpaka Desemba 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulikaa Kinshasa, na Monsinyori Monsengwo akauongoza. Watu walisema makosa ya miaka mingi, na redio ikayaleta mpaka vijijini. Walitafuta mlango wa sheria ili Mobutu atoke kwa amani. Hakuukubali.

Nyumba isiyo na mlango, mtu wa ndani akiwaka moto, watu watavunja ukuta. Vita ya AFDL ilivunja ukuta. Kindu ilichukuliwa mwishoni mwa Februari 1997, na Kinshasa tarehe 17 Mei. Lakini Laurent-Désiré Kabila, kwa amri ya mwezi wa Mei 1997, alijipa uwezo wa kutunga sheria na wa kutawala pamoja. Mlango haukuwekwa tena. Tarehe 2 Agosti 1998 vita nyingine ikaanza. Kindu ikaanguka mwezi wa Oktoba. Miaka ile, kati ya RCD na Mai-Mai, Kasongo na Kabambare ziliteseka sana. Tarehe 16 Januari 2001 raisi mwenyewe akauawa, na mwanawe Joseph akaapishwa tarehe 26 Januari. Hakuna mwananchi aliyepiga kura.

Hesabu basi: 1960, 1965, 1997, 2001. Mara nne nchi iligeuzwa kwa bunduki. Hata mara moja haikugeuzwa kwa kifungu cha sheria.

Katiba ya 2006: milango yenye vifungo

Baada ya mapatano ya Pretoria na Sun City, katiba mpya iliandikwa. Tulipiga kura juu yake mwezi wa Desemba 2005, nayo ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Walioiandika walikumbuka ukuta uliovunjwa. Wakaweka milango. Nitaitaja mmoja mmoja, pamoja na namba zake, ili shefu au mwalimu wa kijiji aweze kuitafuta.

Mlango wa kwanza ni wakati. Kifungu cha 70 kinasema raisi anachaguliwa kwa manda ya miaka mitano, inayoweza kufanywa upya mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kugeuza hesabu ya manda na urefu wake.

Mlango wa pili ni mali. Kifungu cha 99 kinasema raisi na mawaziri waandike mali yao mbele ya Korti ya Katiba, wakiingia kazini na wakitoka. Asiyefanya hivyo kwa siku 30 anahesabiwa kwamba ameacha kazi.

Mlango wa tatu ni kifo, kujiuzulu, au kushindwa kabisa kufanya kazi. Kifungu cha 75 na cha 76 vinasema Korti ya Katiba inatangaza kwamba kiti kiko wazi, raisi wa Senati anakaa pale kwa muda, na uchaguzi unafanyika kati ya siku 60 na siku 90. Mtoto wa raisi hatajwi hapo, wala jenerali.

Mlango wa nne ni mashtaka. Vifungu vya 163 mpaka 167 vinasema raisi na Waziri wa kwanza wana korti yao, ndiyo Korti ya Katiba. Raisi anaweza kushtakiwa kwa hiana kubwa, kwa mfano kama amevunja katiba kwa kusudi, au ameshiriki katika matendo makubwa ya kuvunja haki za watu, au ametoa sehemu ya nchi. Anaweza kushtakiwa pia kwa kuharibu heshima na uaminifu wa kazi, kama kula mali ya Leta au rushwa. Lakini mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi na kumshtaki. Wabunge na wasenatere wakae pamoja, nao wakubali kwa theluthi mbili. Viti vya Baraza ni 500, vya Senati ni 108. Theluthi mbili ni watu 406. Korti ikimhukumu, ndiyo inayotangaza kwamba ameondolewa.

Na kosa asilolifanya katika kazi, kama lile deni la mbuzi? Kifungu cha 167 kinasema mashtaka yanasimama mpaka manda iishe, na hesabu ya miaka ya kosa inasimama pia. Hakuna kinachofutwa.

Mnaona hekima yake. Mlango ni mzito, ili raisi asitupwe nje kwa hasira ya siku moja. Lakini ni mlango, ili mtu asivunje ukuta.

Kuna udhaifu pia, nami sitauficha. Korti ya Katiba ina majaji tisa, na wote wanawekwa kwa amri ya raisi: watatu kwa hiari yake, watatu kwa kuteuliwa na Baraza na Senati, watatu na baraza kuu la majaji. Korti yenyewe ilianza kazi mwaka 2015 tu. Na toka 2006 mpaka sasa hakuna raisi aliyeshtakiwa kwa njia ile ya watu 406 akiwa kitini. Mlango upo, bawaba bado ni mpya.

Mlango ulipojaribiwa

Manda ya pili ya Joseph Kabila ilikwisha tarehe 19 Desemba 2016. Uchaguzi haukufanyika. Korti ya Katiba ilikuwa imesema mwezi wa Mei kwamba raisi anabaki mpaka mwingine aingie. Watu waliandamana, na wengine walikufa barabarani. Maaskofu wakawakalisha wanasiasa meza moja, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2016.

Mwaka 2018 Kabila hakujisimamisha. Upande wake ulimweka Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa Maniema. Kura zilipigwa tarehe 30 Desemba 2018. Matokeo yalibishaniwa sana, na Martin Fayulu akapeleka shauri mbele ya Korti. Tarehe 24 Januari 2019 Kabila alimpa Félix Tshisekedi kiti. Ilikuwa mara ya kwanza toka uhuru raisi kutoka kitini kwa amani na mwingine kuingia. Kwa miaka miwili mlango ulikuwa umekwama, lakini ulifunguka, na Shadary alishindwa kwa karatasi ya kura.

Jambo la mlango huo halijaisha. Mwezi wa Oktoba 2024, mjini Kisangani, Raisi Tshisekedi alisema ataweka tume ya kuandaa katiba mpya. Wakikuuliza mawazo yako, kumbuka kifungu cha 220, uulize kwanza: mlango wa kutokea uko wapi?

Raisi akiisha kutoka kitini

Sasa turudi kwa mashtaka ya 2025. Swali lake ni gumu kuliko yote: mtu akiisha kutoka kitini, kinga yake inabaki kiasi gani, na ni nani wa kuiondoa?

Katika shauri la Matata, Korti ya Katiba yenyewe ilisema maneno mawili. Tarehe 15 Novemba 2021 ilisema: huyu si Waziri wa kwanza tena, sisi si korti yake. Tarehe 18 Novemba 2022 ilisema: sisi ndio korti yake. Tena wakati wa hukumu alikuwa mbunge, na wakubwa wa Baraza walisema ruhusa yao ilipaswa kuombwa kwanza. Korti iliendelea.

Katika shauri la Kabila, kifungu cha 104 kinamfanya raisi wa zamani aliyechaguliwa kuwa msenatere maisha yake yote. Tarehe 22 Mei 2025 Senati ilimwondolea kinga kwa kura 88, watano wakikataa. Alishtakiwa kwa uhaini, makosa ya vita na kushirikiana na uasi wa AFC/M23. Wanasheria waligawanyika. Wengine walisema Senati inatosha. Wengine walisema kwa raisi wa zamani Baraza na Senati zilipaswa kupiga kura pamoja. Upande wake ulisema ni siasa. Leta ilisema ni haki ya wale waliouawa mashariki.

Mwenzangu, unaweza kushika wazo mawili kwa mkono mmoja. Wazo la kwanza: raisi wa zamani anaweza kushtakiwa, maana kiti amekiacha, na damu ya watu wa mashariki ina haki ya kuulizwa. Wazo la pili: anastahili njia iliyo wazi, korti iliyo yake, na mtetezi wa kusikilizwa, kwa sababu tumeona Ngandu ilizaa nini. Anayesema wazo la pili si mwasi. Anayesema wazo la kwanza hachukii kabila lako.

Hata dunia ilijifunza hivyo kwa shauri letu. Mwaka 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata waziri wetu wa mambo ya nje, Abdoulaye Yerodia, kwa maneno aliyoyasema mwaka 1998. Congo ilikwenda korti ya dunia, The Hague, nayo ikashinda tarehe 14 Februari 2002. Korti ile ilisema waziri aliye kazini hakamatwi na nchi nyingine. Lakini iliongeza kwamba kinga haimaanishi kusamehewa kosa: nchi yake inaweza kumshtaki, na akitoka kazini njia nyingine zinafunguka. Jirani zetu wa Kenya nao, mwezi wa Oktoba 2024, walimwondoa makamu wa raisi, Rigathi Gachagua, kwa kura ya Baraza na ya Senati. Yeye akaenda kortini kubisha. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini njia ilijulikana na wote.

Sisi tufanye nini

Kwa mashefu na wazee: ninyi pia mna kiti. Heshima tunayowapa ni ya kiti. Mkisikia habari ya hukumu ya mkubwa, waiteni watu, someni kifungu, kabla uvumi haujalala usiku mmoja kijijini. Kifungu cha 142 kinaamuru sheria zitangazwe hata kwa Kiswahili. Ombeni Leta iwape.

Kwa vijana: atakayekuja kukuambia uchukue silaha ili kumlinda mkubwa au kumlipizia, mwulize anasoma kitabu gani. Kifungu cha 64 kinatuamuru kumpinga mtu anayechukua nchi kwa nguvu. Lakini kifungu cha 190 kinasema kuunda kikosi cha silaha cha binafsi ni hiana kubwa. Kupinga si kufanya kundi la porini.

Kwa ninyi mliohama: hata kama karte yako ya uchaguzi iliungua pamoja na nyumba, wewe ni mwananchi mzima. Uliza mbunge wako atakapopita: je, wewe ni mmoja wa wale 406? Ungepiga kura gani, na kwa sababu gani? Na jirani yako wa kabila la mkubwa aliyehukumiwa hakukaa kitini naye. Mpe moto wa jikoni kama jana.

Kabla hatujaachana, nawaachia maswali ya kuzungumza katika kikundi, chini ya mti, msikitini au kanisani:

1. Katika kijiji chetu, tunatofautisha namna gani shefu na kiti cha shefu?
2. Hukumu ya Gongo Lutete ilikosa nini? Hukumu ya leo inahitaji nini ili watu wa pande zote waiamini?
3. Tumesikia maneno gani juu ya hukumu za 2025 yanayogeuza kosa la mtu kuwa kosa la kabila? Tutayajibu namna gani kwa upole?

Ukiisha kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe mwingine. Kwaherini, mlale kwa amani.